Na huyu ataumia lini?

Ijumaa, tarehe 22 Agosti 2025, uwanja wa PNC Park, Pittsburgh. Mlango wa uzio kule mbali ukafunguliwa, akatoka kijana wa miaka 22, akaja akikimbia taratibu kuelekea kilima cha kurushia. Uwanja mzima ukasimama. Bubba Chandler. Jina hilo tumelibeba mdomoni tangu Pirates, timu yetu ya besiboli, walipomchagua kwenye drafti ya 2021, ile zamu ya klabu kuchagua vijana, akitokea sekondari huko Georgia. Mtoto ambaye angeweza kwenda chuoni kucheza kandanda ya Kimarekani, akachagua kurusha mpira.

Akarusha wa kwanza. Ubao ukaonyesha kasi. Watu wakavuta pumzi kwa pamoja, na mimi nikiwemo.

Mwanangu ana miaka 11. Alikuwa amejaza mdomo karanga, na hakunigeukia hata kidogo alipouliza:

"Baba, na huyu ataumia lini?"

Hakuuliza kama ataumia. Aliuliza lini.

Aliuliza kwa Kiswahili, kwa hiyo katika safu ile yote ni mimi peke yangu niliyelazimika kusikia. Nikamwambia ale karanga zake. Chandler akamaliza mchezo: awamu 4, hakuruhusu pointi hata moja, tukashinda, tukavuka daraja la Roberto Clemente tukiwa katikati ya watu wanaoimba. Mtoto alilala ndani ya gari. Swali lake halikulala, na hadi leo naandika haya mwezi Desemba 2025, bado liko macho.

## Somo la Jared Jones

Najua alikolitoa swali hilo.

Machi 30, 2024, huko Miami, Jared Jones, mrushaji mwingine kijana wa Pirates, alicheza mchezo wake wa kwanza wa ligi kuu akawatoa wapigaji 10 kwa straiki. Sisi tuliutazama sebuleni, mwanangu amesimama juu ya kochi akiiga ule mguu wa kushoto unavyopanda. Msimu mzima ule alikuwa Jones. Akitupa soksi kwenye tenga la nguo chafu, Jones. Akitupa ganda la ndizi kwenye pipa, Jones.

Mei 2025 Jones akalazwa mezani wakamfungua kiwiko. Mwanangu alijua neno "ligamenti", ule utando unaoshikiza mfupa kwa mfupa, kabla hajajua neno "kongosho".

Nilijaribu kumfariji kwa historia, maana baba akikosa jibu hukimbilia historia. Nikamsimulia kwamba mwaka 1974 daktari Frank Jobe alichukua kano kutoka mkono mmoja wa mrushaji wa Dodgers akaishona kwenye kiwiko cha mkono wa pili, mahali ambapo ligamenti ilikuwa imekatika. Mrushaji huyo aliitwa Tommy John. Alikaa nje mwaka mzima, akarudi, akarusha hadi 1989, akashinda michezo 164 baada ya kisu. Sasa hivi ukitaja jina lake hapa Marekani watu hawafikirii mtu, wanafikiria operesheni. Ya Jones ni ya aina mpya kidogo: ligamenti yenyewe hushonwa na kuongezewa utepe wa kuishikilia.

"Kwa hiyo wote wanafanyiwa," akasema.

Si wote. Ila kwa shabiki wa Pirates orodha ina uchungu wake. Bryan Bullington, chaguo la kwanza la nchi nzima mwaka 2002: bega, kisu, na mchezo mmoja tu wa ligi kuu aliowahi kuhesabiwa ushindi, tena akiwa amevaa jezi ya Kansas City. Jameson Taillon, chaguo la pili 2010: kiwiko 2014, ngiri 2015, saratani ya korodani 2017 (alirudi uwanjani baada ya wiki tano, na siku ile nililia hadharani), kiwiko tena 2019. Gerrit Cole, chaguo la kwanza 2011, yeye kiwiko kilimvumilia. Akauzwa Houston Januari 2018. Kilipofunguliwa Machi 2025 alikuwa mtu wa Yankees. Miezi sita baada ya Cole kuondoka, mrushaji mwenzake Tyler Glasnow naye akapelekwa Tampa Bay.

Kwetu mrushaji chipukizi ana milango miwili ya kutokea. Mmoja unaelekea chumba cha upasuaji, mwingine uwanja wa ndege.

Wapenzi wa zamani wa mchezo huu wana msemo wao: hakuna kitu kinachoitwa mrushaji chipukizi. Mwanzoni nilidhani ni utani wa watu waliochoka. Ni hesabu. Mpigaji kijana ukimsubiri, mara nyingi utapata kitu. Mrushaji kijana unamsubiri huku kile kinachokufanya umsubiri ndicho kinachomla.

## Mtu wa butura

Nimekulia Muleba, mkoani Kagera, Tanzania. Katika kibanja cha babu kulikuwa na migomba, na katikati ya migomba mibuni. Mvua ikishuka, baada ya siku kadhaa mibuni inavaa maua meupe, na ile harufu, aliyekulia kule anaijua, kama asumini iliyochanganywa na moshi wa jikoni asubuhi.

Mtu wa butura, yaani mnunuzi wa kahawa ikingali maua, alikuja wakati huo. Hakuja kwenye mavuno. Alikuja maua yakiwa juu ya matawi na ada ya shule ikiwa haijalipwa. Alitembea kati ya mibuni, akakadiria kwa macho, akataja bei, babu akapokea. Miezi ikapita. Kahawa ilipoiva tuliichuma sisi, tukaianika sisi, na magunia yakaondoka na mtu mwingine. Serikali imepiga marufuku butura mara nyingi. Kupiga marufuku na kuisha ni mambo mawili.

Wiki ya pili baada ya lile swali nilikuwa zamu ya usiku, nasoma kwenye simu habari za vijana wa Pirates walio ligi za chini. Huyu mkono wake ni wa thamani kiasi hiki. Yule mpira wake unakata namna hii. Mwingine mwili wake bado una nafasi ya kujaza. Nikanusa asumini. Sitanii.

Watu wanaotembea shambani wakati wa maua, wakikadiria kwa macho.

Na wanatembea mbali siku hizi. Klabu hii ina alama zake barani kwetu: Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, Aprili 26, 2017, akawa mchezaji wa kwanza aliyezaliwa Afrika kucheza ligi kuu ya besiboli, na mara yake ya kwanza kushika gongo aliupiga mpira wa Jon Lester, mrushaji wa Cubs, akafika besi ya kwanza. Mwaka 2023 wakamsaini David Matoma, mrushaji wa mkono wa kulia kutoka Uganda. Muleba na Uganda ni pua na mdomo. Nilipoliona jina lake nilifurahi kama amesainiwa mtoto wa shangazi. Baada ya furaha, nikajikuta natafuta anarusha maili ngapi.

Lakini mfano wangu unachechemea, na afadhali niseme mwenyewe kabla hamjanisahihisha. Paul Skenes, mrushaji wetu, alipochaguliwa wa kwanza mwaka 2023 alipewa dola milioni 9.2 kabla hajarusha mpira mmoja wa kulipwa. Hakuna mtu wa butura aliyewahi kumpa babu yangu pesa ya namna hiyo. Na kama maua ya Bullington yalipukutika, hasara ilikuwa ya mnunuzi, maana Bullington pesa yake alishaiweka mfukoni. Kuna watu wangesema huyo aliuza kwa bei nzuri sana.

Nikakaa na jambo hili siku nyingi. Kama kijana amelipwa, na klabu imejua inacheza kamari, ni nani hasa anayeumia kama babu kwenye biashara hii?

Ni sisi wa viti vya juu.

Tangu nifike mji huu 2011 nimekuwa nikinunua maua. Tofauti ni kwamba sisi hatupewi punguzo kwa sababu ni maua, tunalipa bei ya gunia lililokaushwa. Tunaambiwa: subirini Cole na Taillon wakomae. Subirini Glasnow. Subirini Skenes apande, Jones apande, Chandler apande. Kila Aprili nimelipa tiketi, maegesho, na maji ya chupa ya bei ya soda tatu, na kila Septemba nimeambiwa mvua haikuwa nzuri.

## Usiku ambao haukuwa wa vijana

Kuna usiku mmoja unaonizuia kuiacha timu hii. Oktoba 1, 2013, mchezo wa mtoano dhidi ya Cincinnati. Timu ilikuwa imetoka kwenye misimu 20 mfululizo ya kupoteza zaidi ya kushinda, 1993 hadi 2012. Mji umevaa nyeusi. Watu wanaliimba jina la mrushaji wa Cincinnati, Cueto, Cueto, wanalivuta kama watoto wanaomchokoza mwenzao, mpaka mpira ukamponyoka mkononi ukaanguka chini. Mpira uliofuata Russell Martin wa kwetu akaupeleka nje ya uzio. Nilikuwa nimesimama kwenye baa moja na Wamarekani nisiowajua, nimekumbatiwa na mtu mwenye ndevu zinazonuka bia, na kwa mara ya kwanza tangu nihame nchi nikasema "sisi" bila kujikuta nafikiria kwanza ni sisi gani.

Kuukumbuka usiku ule si kazi. Kilichonichukua miaka 12 ni kujiuliza ni nani aliyekuwa akirusha kwa upande wetu usiku ule.

Francisco Liriano. Mtu mzima, mikono iliyokwisha kufanyiwa kazi kwingine, kiwiko kilichokwisha kufunguliwa miaka mingi nyuma. Nyuma yake katika kikosi cha mwaka ule alikuwapo A. J. Burnett, miaka 36. Cole alikuwemo, ndiyo, mgeni wa miezi minne, na alirusha vizuri. Lakini mlango ulifunguliwa na watu waliokwisha kuumia, wakapona, wakajifunza kurusha kwa namna nyingine.

Kwa hiyo timu iliyowahi kunipa furaha haikuwa shamba la maua. Ilikuwa na watu wazima walionunuliwa wakiwa wameiva, tena si kwa bei ya kutisha. Nilipogundua hili niliona aibu. Miaka yote hiyo nimekuwa nikihubiri vijana, vijana, vijana.

## Ile namba

Sasa niseme nisilotaka kusema.

Kasi ya wastani ya mpira wa moto, ule wa kurushwa kwa kasi zaidi, katika ligi kuu mwaka 2008 ilikuwa maili 91.3 kwa saa. Mwaka 2024 ilikuwa 94.2. Ligi yenyewe ilitoa ripoti Desemba 2024 kuhusu majeraha ya warushaji, na walioulizwa walirudi kwenye jambo lile lile: kutafuta kasi, kurusha kwa nguvu zote kila mpira, kuanzia utotoni. Ligamenti ya kiwiko haina mazoezi ya gimu. Msuli utaukuza, mfupa utakomaa, ligamenti ni ile ile uliyopewa na mama.

Ni rahisi hapo kuwalaumu makocha, klabu, maabara za kurushia. Mimi pia niliwalaumu, kwa wiki nzima.

Halafu nikaikumbuka ile Ijumaa kama ilivyokuwa hasa. Chandler amenyanyua mguu, mkono umezunguka, mpira umetoka. Mimi naangalia wapi? Ubaoni. Sikuuona mpira ukifika kwa mdakaji. Niliiona namba. Kijana tuliyemsubiri miaka minne amerusha mpira wake wa kwanza wa ligi kuu, na mimi niligeuza shingo.

Uwanja mzima uligeuza shingo.

Pumzi ile tuliyovuta kwa pamoja, yeye aliisikia. Kijana gani wa miaka 22 akiisikia atarudisha mkono nyuma?

## Uani kwetu

Kama yangekuwa ya uwanjani tu, nisingeandika.

Masika ya 2025, wakati Jones anaanza kulalamika kiwiko kambini, mimi nilipakua programu ya simu ya kupima kasi. Bure. Unaweka simu kwenye tofali, mtoto anarusha, namba inatokea. 46. 48. Tulicheka sana. Jioni baada ya shule, mimi kabla sijaenda zamu, yeye na glovu yake. 49. "Mara moja tu, Baba." 51. Siku aliyofika 53 tulimpigia simu bibi yake Muleba kumwambia, naye akauliza 53 ya nini, ni mtihani? Nikamwambia ndiyo mama, mtihani.

Ligi ya watoto ina sheria nzuri. Wa miaka 11 haruhusiwi kurusha zaidi ya mipira 85 kwa siku, na akivuka 65 anapumzika siku 4. Kocha wake alikuwa anahesabu kwa kidude cha kubofya, hakuwahi kuzidisha. Mimi nilikuwa najivunia kocha huyo.

Hakuna sheria inayohesabu mipira ya uani.

Mwishoni mwa Septemba nilimwona anafungua friji kwa mkono wa kushoto. Halafu mlango wa gari, kushoto. Kijiko, kushoto. Nikamuuliza. Akasema hakuna kitu. Nikakibonyeza kiwiko kwa ndani, pale kwenye kifupa, akaruka.

Daktari alikuwa mpole mno, na upole wake ndio ulionimaliza. Alisema ni sehemu ya mfupa inayokua ndiyo imechubuliwa na kuvutwa, inatokea sana kwa watoto wanaorusha, itapona. Wiki 6 bila kurusha chochote. Akauliza anarusha mara ngapi kwa wiki. Nikataja michezo na mazoezi. Mtoto akaniangalia.

"Na za uani," akasema.

Mama yake hakusema neno njia nzima. Tulipofika nyumbani akaniomba simu, akaifuta ile programu, akanirudishia, akaenda kupika.

Nimeishi na mtu wa butura katika kumbukumbu zangu kwa miaka 30 kama mtu mwenye kofia na daftari, mtu wa kutoka mbali. Sikuwahi kufikiria anaweza kuwa mwenye shamba mwenyewe, anazunguka jioni kati ya mibuni yake anakadiria.

## Kumi kwa kumi

Novemba Skenes alipewa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora, kwa kura zote. Ni wa kwanza wa Pirates tangu Doug Drabek mwaka 1990. Wastani wake wa pointi alizoruhusu ulikuwa 1.97, na mwaka wa kabla ya hapo 1.96. Mimi kwa macho yangu sijaona mtu anayerusha hivi.

Rekodi yake ya msimu: alishinda 10, akapoteza 10.

Unaruhusu chini ya pointi mbili kwa mchezo halafu unapoteza mara nyingi sawa na unavyoshinda. Wapigaji wetu walipiga homurani, mipira ya kuvuka uzio, 117 msimu mzima, chache kuliko timu yoyote ya ligi kuu. Timu ilimaliza na ushindi 71 na vipigo 91. Mashabiki walikuwa wanaimba timu iuzwe, na kuna siku niliimba nao. Huyu ndiye yule ambaye hakuumia. Ua lililofunga, likaiva, likawa kahawa ya daraja la kwanza, na halikuwa na gunia. Mshahara wake wa 2025, ukiacha bonasi, haukufika dola milioni moja, na baada ya msimu wa 2029 atakuwa huru kwenda anakotaka. Kila mtu mjini anahesabu miaka hiyo kwa vidole na hakuna anayemaliza kuhesabu kwa sauti.

Kazini kuna mzee tunayefanya naye zamu, alikuwa kijana mwaka 1979 Pirates walipochukua ubingwa wa mwisho. Nilimwambia nimechoka kununua vijana, mwakani sikanyagi. Akaendelea kufunga mkanda kwenye boksi lake. Aliposimama akaniuliza nimekwisha pata tiketi za Aprili.

Nilikuwa nimekwisha pata. Mbili.

Wiki 6 za mtoto ziliisha katikati ya Novemba. Tulitoka uani, baridi imeshaanza kuuma, nikasimama karibu kabisa, hatua kumi na mbili hivi. Mipira 20, polepole, kama daktari alivyoelekeza. Nilijilazimisha kuutazama mpira wenyewe unavyokuja, mshono unavyozunguka. Sikuwa najua anapinda kidole cha kati hivyo. Sikuwa najua anauma mdomo.

Juzi Jumamosi alikuja na kompyuta yake sebuleni. Alikuwa amepata video ya Seth Hernandez, kijana wa sekondari ya Corona, California, ambaye Pirates walimchagua wa sita kwenye drafti ya Julai. Mrushaji. Bado hata hajaanza kunyoa vizuri.

"Baba, tazama. Huyu anafika mia."

Nilikuwa na chai mkononi. Nikaiweka chini, nikasogea.